Tangu tupewe simu, rekodi za mitego msituni zimepanda. Mitego imeongezeka kweli au tunaiona zaidi?

#1 MtuWaBudongo (Masindi)
Habari za jioni wanajukwaa. Swali hili ni la waliowahi kutembea msituni na simu mkononi, ila hata wa mjini karibuni.

Kikundi chetu cha kijiji, huku Masindi, Uganda, kinazunguka kingo za msitu wa Budongo kuondoa mitego ya waya. Zamani tulikuwa na daftari na kalamu. Baadaye mradi mmoja ukatuletea simu zenye programu ya fomu: ukikuta mtego unagusa alama ya mtego, unapiga picha, mahali panajiandika penyewe, unasonga mbele. Juzi tumekaa na madaftari ya zamani pamoja na orodha ya sasa, tukakuta rekodi za mitego zimepanda kupita kiasi.

Afisa wa mradi anachekelea, anasema simu imefanya kazi. Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la kijiji) amenuna, anasema tunamchafulia kijiji, kwamba wafadhili wakiona ile ramani yenye madoa mekundu watadhani watu wake wote ni majangili. Wote wawili wananitaka niandike maelezo.

Niandike nini?

#2 Dereva_Hoima
Andika imeongezeka. Bei ya nyama iko juu, karo za watoto zinasubiri, watu wanaingia msituni. Mbona jambo liko wazi?

#3 FundiSimu_Kikuubo
Kabla hatujaendelea, simu aina gani? Maana miradi mingine inanunua zile ambazo kamera yake haitofautishi mtego na kamba ya mbuzi.

#4 BiZuena_Arua
Dereva, taratibu baba. Hujauliza swali la kwanza.

MtuWaBudongo, mlitembea umbali gani enzi za daftari, na sasa mnatembea umbali gani? Kama zamani mlikwenda doria mara chache na sasa mnakwenda kila wiki, lazima mkute mitego mingi zaidi hata kama msituni hakuna kilichobadilika. Nimewahi kukaa ofisini nikipokea data za doria upande wa Nile, na kosa nililoliona kila mwezi ni hilo: mtu anahesabu mitego, hahesabu miguu. Mitego ishirini katika kilomita kumi na mitego ishirini katika kilomita mia ni habari mbili tofauti kabisa.

Programu za simu za kurekodi doria, kama SMART, zinaandika njia nzima mliyopita, kwa hiyo ukitaka idadi ya mitego kwa kila kilomita unaipata. Daftari halina kitu hicho, labda mtu awe ameandika saa ya kutoka na saa ya kurudi.

#5 MtuWaBudongo (Masindi)
Asante Bi Zuena. Daftari lina tarehe, majina ya waliokwenda na idadi. Basi. Umbali hakuna.

Ila nikuambie kitu kitakachokuchanganya: mimi nadhani sasa tunatembea kidogo kuliko zamani. Betri. Ikifika saa saba mchana simu moja inakufa, ya pili iko njiani, na kiongozi anasema turudi, kwa sababu doria isiyorekodiwa haihesabiwi.

#6 Dereva_Hoima
Si unaona? Mnatembea kidogo na mnakuta mingi. Imeongezeka.

#7 KijanaWaKasese
Mimi nina swali la aibu kidogo. Mnalipwa kwa siku au kwa rekodi?

Nauliza kwa sababu huku kwetu karibu na ziwa George palikuwa na mpango wa kurekodi nyavu haramu kwa simu, na posho ilifuata idadi. Kuna wavu mmoja ulipigwa picha kwenye majani, ukapigwa kwenye mtumbwi, ukapigwa mwaloni umeanikwa. Wavu ule ulisafiri kuliko mtu yeyote wa kikundi.

#8 MtuWaBudongo (Masindi)
Hahaha. Tunalipwa kwa siku ssebo. Lakini kweli, mwisho wa mwezi mwenye rekodi nyingi anapewa vocha.

#9 Dereva_Hoima
Kesi imekwisha, tukalale.

#10 Mwalimu_Tororo
Haijaisha. Uadilifu wa watu tuuweke pembeni kwanza, kuna tatizo la mtandao. Huko msituni ukibonyeza tuma na mtandao ukakatika, ukabonyeza tena, rekodi inaingia mara mbili. Nina hakika sehemu ya ongezeko ni marudio tu.

#11 Mwanafunzi_Wandegeya
Mwalimu, hapo inategemea programu. Kama fomu zao ni za ODK au Kobo, programu za kukusanya data kwa simu, kila fomu inapofunguliwa hupewa namba yake ya pekee, na ukituma fomu ileile mara mbili seva inaitambua, haiihesabu kama mpya. Marudio yanatokea pale mtu anapoona "imeshindwa kutuma", akaamua kujaza fomu upya kutoka mwanzo. Hiyo ni fomu mpya yenye namba mpya, seva haina namna ya kujua.

Dawa yake: panga rekodi kwa tarehe na mahali, tazama zilizo ndani ya mita chache siku ileile, fungua picha zake mbili mbili. Kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye subira.

#12 Mwalimu_Tororo
Na hao watu wa vijijini wamefundishwa wasijaze upya? Ndiyo hoja yangu.

#13 MkulimaWaKikuube
Jamani mahali penyewe panaandikwaje wakati msituni hakuna intaneti? Mimi naona hizo alama za ramani ni za kubahatisha.

#14 FundiSimu_Kikuubo
Mzee, GPS haihitaji intaneti. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti, haitumi kitu. Intaneti inasaidia simu ijue haraka setilaiti ziko wapi, kwa hiyo bila data utasubiri kidogo asubuhi unapowasha, halafu inaendelea kama kawaida.

Kitu cha kuogopa ni majani. Mahali peupe simu ya kawaida hukosea mita tano hivi. Chini ya mivule na miti ya mahogani mawimbi yanagonga shina hili na lile kabla ya kufika, na kosa linaweza kufika makumi ya mita. Simama dakika moja, shika simu mbele ya kifua, subiri namba ya usahihi ishuke ndipo uhifadhi. Wengi wanabonyeza huku wanatembea.

#15 BiZuena_Arua
Na hilo linarudi kwa Mwanafunzi #11. Kama alama zinahama makumi ya mita, utajuaje kwamba mitego miwili ya ramani si mtego mmoja? Utabaki na picha peke yake.

#16 Pwani_Tanga
Nasalimia kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwanza hongereni, Kiswahili kimenyooka siku hizi Uganda, tangu serikali yenu ipitishe kiwe lugha rasmi mwaka 2022 naona mmeamka.

Pili, hili si geni. Kwetu Tanzania, huko Kigoma, vijiji vinavyozunguka hifadhi ya Gombe vilipewa simu za Android zenye ODK na taasisi ya Jane Goodall zaidi ya miaka kumi iliyopita, wanakijiji wakawa wanarekodi miti iliyokatwa, mitego, dalili za sokwe. Ninachokumbuka kutoka kwa shemeji yangu aliyekuwemo ni kwamba mwanzoni kila mtu anarekodi kila kitu. Ukikanyaga kinyesi cha nyani, rekodi. Baada ya muda ule moto unapoa. Kwa hiyo msilinganishe msimu wa kwanza wa simu na kitu chochote.

#17 NubiWaBombo
Pwani, sisi Wanubi tulikuwa tunaongea Kiswahili kambini kabla babu yako hajauza nazi. Endelea na mada.

#18 Pwani_Tanga
Hahaha yaishe mkuu.

#19 AfandeMstaafu
Nimesoma nikanyamaza, sasa niseme. Nimefanya doria muda mrefu, kwanza huko mbuga ya Murchison, halafu misituni.

Ninyi mnahesabu mitego kana kwamba yote ilitegwa jana. Waya wa mtego mwingi unatoka kwenye tairi: wanachoma tairi, mpira unaisha, waya unabaki. Waya ule hauozi upesi. Aliyeutega anaweza kuwa amehama, amefungwa au amekufa, na kitanzi bado kiko pale kinangoja mguu. Mnapoingia sehemu ambayo hamkuwa mnaipita, mwaka wa kwanza mnaokota madeni ya miaka ya nyuma. Itaonekana mingi. Mkiendelea kupita palepale ndipo mtajua mipya ni kiasi gani.

Mtego una umri, na umri unasomeka. Tazama kijiti kilichopindwa kuwa springi: kikiwa kibichi kinarusha, kikikaa kinalegea na kuzoea kupinda. Tazama mahali panga lilipokata, kama utomvu bado upo au pameshaota kijani. Tazama majani yaliyofunika. Kama waya umefungwa kwenye shina na gome limeanza kuumeza, huo ni mkongwe. Fomu yenu ina swali la umri wa mtego? Kama haina, mtabishana hapa hadi Krismasi.

Tena wale sokwe wa Budongo wenye viganja vilivyokauka au vidole vilivyokatika, hakuna aliyewatega wao. Mitego ile ni ya paa na nguruwe mwitu. Sokwe anaingiza mkono kwa bahati mbaya, anavuta, waya unakaza. Kwa hiyo mtego mkongwe usiokuwa na mwenyewe ni hatari sawasawa na mpya. Kwa mnyama umri wa waya si kitu. Kwa hesabu zenu ndio kila kitu.

#20 MtuWaBudongo (Masindi)
Afande, heshima yako. Fomu haina swali hilo. Ina aina ya mtego (waya, kamba, taya za chuma, shimo), hali yake, na picha. Daftari lilikuwa na neno moja tu, "mitego", na namba.

Na kuna jambo limenijia nikikusoma. Wawindaji wetu wa nguruwe wanatega mstari, vitanzi vinafuatana kwenye uzio mmoja wa matawi. Kwenye daftari wazee walikuwa wanaandika mstari mzima kama mtego mmoja. Vijana wenye simu wanapiga picha kila kitanzi.

#21 Mwanafunzi_Wandegeya
Hapo umetupa nusu ya jibu!

#22 BiZuena_Arua
Nusu ya jibu au nusu ya tatizo. Sasa orodha mbili hazilinganishwi kabisa mpaka mkutanishe vitanzi vya mstari mmoja kuwa rekodi moja. Bado hapo umbali haujulikani, na mkongwe na mpya vimechanganyika.

#23 Dereva_Hoima
Wasomi mnaweza kufanya waya upotee kwa maneno. Mimi napita barabara ya Hoima kila siku, naona nyama inauzwa.

#24 KijanaWaKasese
Dereva, nawe unaona nyama barabarani kwa sababu unapita barabarani. Ndiyo shida yao hao. Wanapita njia zilezile, na msitu ulio nje ya njia hawaujui. Majangili si wajinga, wakiona kikundi kinapita Jumanne na Ijumaa wanahamisha mitego hatua mia tatu pembeni. Na kikundi nacho kinarudi mahali palipopatikana mitego wiki iliyopita, ili mwenye kiu ya vocha aipate.

#25 NdegeWaEntebbe
Hata sisi watazamaji wa ndege tuna ugonjwa huohuo. Fungua ramani ya Uganda kwenye eBird, programu ya kurekodi ndege, utadhani ndege wote wanaishi kinamasi cha Mabamba, Entebbe na kandokando ya barabara za mbuga. Wageni wote wanaenda Mabamba kwa mtumbwi kumtafuta korongo nyangumi, wanarekodi, wanaondoka. Kidepo watu wachache wanafika, basi rekodi chache. Nchi ina aina zaidi ya elfu moja za ndege, lakini ramani inakuonyesha zaidi mahali palipo na watu wenye simu.

Tofauti ni kwamba eBird inakuuliza ulikaa muda gani, ulitembea umbali gani, na kama umeandika ndege wote uliowatambua au umechagua. Maswali hayo watu wanayaona kero, lakini ndiyo yanayomwezesha mtafiti kufanya kitu na orodha yako. Mwambie afisa wako aongeze.

#26 MkulimaWaKikuube
Si wanasema kuna setilaiti zinaona kila kitu siku hizi? Kwa nini mtu atembee?

#27 Mwanafunzi_Wandegeya
Mzee, setilaiti inaona msitu uliofyekwa. Forest Watcher, programu ya tahadhari za ukataji miti, unaweza kuipakua kwenye simu ukiwa mjini, ukaingia nayo msituni bila mtandao ikuelekeze pale tahadhari ilipotokea. Zile tahadhari zake zinazoitwa GLAD zinatokana na picha za setilaiti za Landsat ambazo doa moja ni mita 30 kwa 30. Zile za rada zinapenya mawingu, na doa lake ni mita 10. Kitanzi cha waya chini ya majani hakionekani hata kwa miujiza. Hiyo ni kazi ya miguu.

Jambo dogo pia: kuna watu wanaiita Budongo "mbuga". Budongo si mbuga, ni hifadhi ya msitu iliyo chini ya NFA, mamlaka ya misitu. Wanyama waliomo wanalindwa na sheria ya wanyamapori, na hiyo iko chini ya UWA, mamlaka ya wanyamapori. Kwa hiyo data za mitego zinawahusu wote wawili, na MtuWaBudongo ujue ripoti yako inafika meza ngapi.

#28 MamaAmina_Kibale
Mimi naomba niulize tofauti. Hizo picha na mahali mnazituma wapi? Sisi tulikuwa na kundi la WhatsApp la wanakijiji, watu wengi mno, mtu akiona sokwe shambani anapiga picha anatuma. Siku moja tukagundua mle ndani yumo jamaa ambaye kila mtu anajua ana mbwa wa kuwindia. Alikuwa anasoma kimya kimya. Wanyama wako wapi leo, doria iko wapi leo, yote tunampa bure.

#29 Mwalimu_Tororo
Na kila picha ya WhatsApp ina mahali ndani yake, mtu mwenye akili anatoa.

#30 FundiSimu_Kikuubo
Hapana Mwalimu. Ukituma picha kwa njia ya kawaida WhatsApp inaondoa yale maelezo ya mahali. Ukiituma kama faili, ndipo yanabaki. Na ukiipakia moja kwa moja kwenye baadhi ya programu nyingine yanakwenda nayo. Kuhusu alichosema Mama Amina, hata hayo hayahitajiki, kwa sababu watu wenyewe wanaandika "wako nyuma ya shamba la fulani".

#31 NdegeWaEntebbe
Programu zenye akili zinaficha zenyewe. iNaturalist, ile ya kurekodi wanyama na mimea, ikijua aina iko hatarini inaficha nukta halisi, inaonyesha mahali pa kubahatisha ndani ya mraba wa digrii 0.2 kwa 0.2, ambao hapa ikweta ni kama kilomita 22 kila upande. Sokwe wako anaweza kuonekana yuko kijiji kingine. Lakini watafiti wa nje wakianza kuchora ramani kwa nukta zile bila kusoma maelezo, ndipo vituko vinaanza.

#32 MamaAmina_Kibale
Asante ndugu. Sasa hivi tumebaki na namba moja tu ya kupokea taarifa, na aliyeishika haoneshi mtu.

#33 AfandeMstaafu
Vizuri mama. Na msipige picha za nyuso. Mpige mtego, msipige mtegaji. Mnaishi naye kijiji kimoja.

#34 KijanaWaKasese
Tukiwa hapo, nani analipa bando? Tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12. Watu wanajitolea msituni, halafu wanatuma picha kwa MB za mfukoni mwao. Mimi nilikuwa nakusanya picha wiki nzima nazituma siku nikienda mjini palipo na Wi-Fi.

#35 BiZuena_Arua
Kijana, umegusa kitu. Wengine wakituma kwa mafungu, wasomaji wa dashibodi, ule ukurasa wa takwimu, wanaona wiki kavu halafu siku moja mitego imefurika. Januari 2021 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi fomu zilikaa kwenye simu, hazikupotea, lakini zilipoingia zote kwa mpigo kuna bosi mmoja alipiga simu akiuliza kuna uvamizi gani. Mtumie tarehe ya kujaza fomu, si tarehe ya kufika kwenye seva.

#36 MtuWaBudongo (Masindi)
Wadau, nimeanza. Nimeketi na kijana mmoja tumefungua picha za miezi miwili. Mistari tumeikutanisha, na vocha ya mwisho wa mwezi nimeomba ifutwe. Baada ya kukutanisha, idadi imeshuka sana, lakini bado iko juu ya daftari.

Umri wa mitego tumejaribu kuusoma kwenye picha kama Afande alivyosema. Picha nyingi zimepigwa karibu mno, unaona waya na kidole cha mpiga picha. Kijiti hakionekani.

#37 AfandeMstaafu
Picha mbili. Moja karibu, moja hatua nne nyuma.

#38 MkulimaWaKikuube
Na mimi niwape ya kwangu, maana mnazungumza majangili majangili. Miwa imesogea hadi kwenye msitu. Nguruwe mwitu na nyani wanalala msituni wanakula kwetu. Mitego mingi ya ukingoni inategwa na mtu anayelinda mihogo yake, wala hana habari ya kuuza nyama. Akishika nguruwe atamla, simtetei, lakini sababu ni shamba. Kama mitego yenu imeongezeka kweli, tazameni imeongezeka ukingoni palipolimwa karibuni, au ndani. Simu si inajua mahali?

#39 Dereva_Hoima
Kumbe nilisema imeongezeka tangu #2, mkaniita sijui nini.

#40 Mwanafunzi_Wandegeya
Dereva, ulisema ni karo. Mzee anasema ni nguruwe. Hizo ni hoja mbili, na kila moja ina msimu wake. Karo itaonekana mwanzo wa muhula. Nguruwe wataonekana mihogo na mahindi yakikaribia kukomaa. MtuWaBudongo, panga kwa mwezi, halafu panga kwa umbali kutoka ukingoni. Ongeza mvua pia, maana wakati wa mvua nyayo zinaonekana na mtegaji anajua pa kutega.

#41 KijanaWaKasese
Na wakati wa mvua kikundi hakitoki. Tumerudi kwenye miguu.

#42 MtuWaBudongo (Masindi)
Nitapanga hivyo. Kwa mwenyekiti nimeandika kwamba orodha hizo mbili hazilinganishwi kwa sasa, na kwamba tunaongeza umri wa mtego na umbali wa doria kwenye fomu. Amesoma, ameuliza kama madoa mekundu kwenye ramani yanaweza kubadilishwa rangi.

#43 FundiSimu_Kikuubo
Yanaweza. Ni dakika mbili. Hujaniambia simu aina gani.